Swali la Kumi na Moja

Vifungo vilikuwa kumi, vimepangwa mstari mmoja ukingoni mwa meza ya cherehani. Mtoto alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho.

"Hujambo?" mama yake akauliza.

"Sijambo."

Kifungo cha kwanza kikasogezwa upande wake.

"Una miaka mingapi?"

"Sita."

"Unakaa na nani?"

"Mama na baba."

Wakaenda hivyo, swali na kifungo, jibu na kifungo. Majani yana rangi gani? Kijani. Ng'ombe anatupa nini? Maziwa. Wakafika la kumi, ambalo kifungo chake kilikuwa kikubwa cha buluu, kimeng'oka kwenye koti kuukuu, na mtoto alikuwa anakitolea macho tangu mwanzo.

"Rafiki yako ni nani?"

"Wote."

Akakinyakua cha buluu, akakifumbata. Mama yake akageuza uso. Jibu lile alikuwa amelitunga mwenyewe, kwa sababu jibu la kweli halikuwapo.

Mtaani kote mama huyu anaitwa Fundi, na binti yake anaitwa Kifungo. Mpe Kifungo kopo la vifungo, atakaa navyo kutwa nzima akivipanga kwa ukubwa, kwa rangi, kwa idadi ya matundu, na ole wako ukisogeza kimoja. Maneno anayo, ila huyatoa kwa kubana, na mengi ni yale aliyoyasikia kwa wengine. Daktari alishasema ni usonji, akaandika na karatasi. Lakini karatasi ya daktari ni ya hospitali. Ili shule ipewe mwalimu msaidizi wa kukaa na mtoto, ilitakiwa karatasi ya ofisi ya tathmini, na kwenye ofisi ya tathmini kulikuwa na maswali.

Aliyemletea hayo maswali ni jirani yake, Mama Mapacha, ambaye wanawe walipimwa mwaka uliopita.

"Mwenzangu, ule ni mtihani!" alimwambia, amejishika kiuno. "Mtoto akishindwa wanamchukua, wanampeleka shule ya bweni huko mbali. Utamwona likizo kwa likizo. Wangu niliwakalisha chini nikawafundisha, na unawaona wako hapa wananimalizia sukari. Haya, shika kalamu nikutajie."

Basi Fundi akayaandika nyuma ya boksi la nyuzi. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia. Mshono ukikataa, anaufumua. Ukikataa tena, anauficha ndani ya bitana, na mteja anaondoka akijiona malkia. Ndivyo alivyojua kazi, na ndivyo alivyoamua kumpeleka mwanawe kwa wapimaji. Wiki mbili walikuwa kwenye yale maswali, asubuhi na jioni.

*

Siku ya tathmini alimvisha Kifungo gauni lake la zamani la pamba, lililofuliwa likafulika mpaka likawa laini kama leso. Sare ya shule ilikuwa imelowa kwenye kamba.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na mbele yake rundo la mafaili limemfika kidevuni. Hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimsingizie. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husoma karatasi badala ya kumsoma mtu.

"Hujambo?" akauliza, kalamu mkononi, macho kwenye fomu.

"Sijambo."

"Una miaka mingapi?"

"Sita."

Kifungo alikuwa ameikazia macho pua ya mpimaji, maana mama yake alimwambia, ukiogopa macho ya mtu, tazama pua. Mkono wa kushoto ameufumba, na ndani yake kuna kifungo cha buluu. Maswali yakashuka kwenye fomu moja baada ya jingine, na majibu yakashuka nayo. Mpimaji akapiga alama za vema kumi.

"Mbona huyu yuko sawa?"

"Yuko sawa kabisa," Fundi akadakia. "Ni vile tu watu wa shule hawana subira."

Alipotoka pale alikuwa hakanyagi chini. Mumewe, ambaye ni mpaka rangi, alikuwa anaosha brashi nyuma ya nyumba. Akaziacha zikaukie.

"Nilikwambia mimi!" akasema. "Daktari naye ni binadamu, anakosea!" Akaenda mwenyewe dukani kununua soda tatu, na ya Kifungo akammiminia kwenye kikombe chake cha bati, maana chupa haitaki. Walifurahi, nisiwafiche. Walifurahi siku tano nzima.

*

Siku ya sita Fundi aliitwa shuleni. Mwalimu Mkuu hakumkaribisha kiti. Alisukuma karatasi juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Soma mwenyewe."

Fundi akasoma. *Mtoto hana mahitaji maalumu. Hahitaji mwalimu msaidizi. Mzazi ashauriwe kuhusu malezi na nidhamu.* Akarudia mstari wa mwisho mara ya pili, labda ameusoma vibaya.

"Kwa hiyo tumejua sasa," Mwalimu Mkuu akasema. "Kumbe si ugonjwa. Ni tabia."

"Mwalimu, daktari alisema..."

"Daktari alisema hivi, ofisi imesema vile. Mimi nafuata ofisi."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa darasa, msichana mpole aliyepauka chaki mpaka nyusi. Mkononi alikuwa ameshika sare ya Kifungo.

"Yuko chini ya meza na shimizi," akasema. "Leo amevua mara mbili. Kengele ikilia anagonga kichwa ukutani. Fundi, mimi nina watoto hamsini na wanane mle ndani. Hiyo karatasi nilikuwa naisubiri kuliko wewe. Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

Fundi akaitazama ile sare. Aliishona yeye, kama alivyoshona sare za nusu ya shule ile, na suruali aliyovaa Mwalimu Mkuu, yeye ndiye aliyeikunja upindo.

"Ukitaka msaidizi wa kumlipa mwenyewe, ruhusa," Mwalimu Mkuu akasema, akataja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko anachokipata kwa mwezi akishona hata siku za mapumziko. "La sivyo, mwisho Ijumaa. Usiponiletea karatasi nyingine, ukae naye nyumbani. Na zile sare arobaini za darasa la kwanza usizicheleweshe."

Hapo tena! Mtoto wako simtaki, ila sare zako nazitaka.

Alimtoa Kifungo chini ya meza kwa kumwita kwa hesabu, moja, mbili, tatu, mpaka akafika ishirini na mtoto akatoka. Getini walisimama wazazi wawili wa kuchukua watoto wa chekechea. Mmoja hakupunguza hata sauti.

"Anashona za watoto wa wenzie, wake anatembea uchi."

Mwingine akacheka. Fundi akafungua kanga aliyojitanda, akamfunika mwanawe, akashika njia. Machozi hayakumtoka pale. Aliyabeba mpaka nyumbani, akayamwagia kwenye vitambaa vya darasa la kwanza.

*

Jioni mumewe aliisoma ile karatasi huku anajisugua rangi vidoleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akafika mstari wa mwisho, kitambaa kikasimama.

"Malezi na nidhamu," akasema. "Wanatuambia sisi hatujui kulea."

"Nilidhani nikimfundisha ndiyo atakubalika. Nilidhani ni mtihani."

"Nani alikwambia ni mtihani?"

"Na wewe uliyenunua soda ulidhani ni nini?"

Likamwingia. Akatabasamu upande mmoja, tabasamu la mtu aliyekamatwa.

"Unajua," akasema, "mteja akiniambia nipake rangi juu ya ufa, napaka. Siulizi. Siku ya kwanza nyumba inang'aa, nalipwa, naondoka. Mvua ikinyesha mara mbili, nikipita pale ufa unanichekea." Akakitupa kitambaa. "Kesho nenda ukawaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mimi ni mwongo?"

"Ndiyo. Waambie tulidanganya wote, nami nimo. Mficha uchi hazai, mke wangu. Sisi tumeuficha huo uchi mpaka tumeandikiwa kwenye karatasi kwamba haupo."

"Nitaaibika."

"Utaaibika siku moja. Mtoto anaaibika kila siku kengele ikilia."

Fundi aliokota vifungo tisa vilivyobaki mezani, akavimwaga kwenye kopo.

*

Alhamisi hakuchagua gauni. Alimvisha Kifungo sare ileile anayoivua. Kama ni kuonekana, na waonwe.

"Faili limefungwa," karani wa ofisi ya tathmini akasema kabla Fundi hajamaliza salamu. "Tathmini ya pili ni baada ya mwaka."

"Naomba dakika tano tu za mama mpimaji."

"Foleni yote hii inaomba dakika tano."

Akakaa. Benchi lilikuwa refu na watu wamebanana. Feni ya darini ikawa inalalamika kila inapozunguka, na Kifungo akaziba masikio. Baadaye akateleza chini ya benchi, akalala sakafuni, akaanza kuvuma sauti moja, mmm, mmm, huku anaivuta kola ya sare. Watu wakageuka. Bibi mmoja akasonya, akasema watoto wa siku hizi hawachapwi.

Siku nyingine Fundi angekuwa ameshamvuta mkono, ameshacheka cheko la uongo, ameshasema "amechoka tu huyu." Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza.

"Ana usonji," akamwambia yule bibi. "Feni inamuumiza."

Bibi akasogeza mkoba wake ili Kifungo anyooshe miguu.

Saa ya chakula mpimaji akatoka na funguo mkononi, akajikwaa kwenye viatu viwili vidogo. Akainama, akatazama chini ya benchi.

"Huyu si yule aliyejibu yote?"

"Ndiye," Fundi akasimama. "Mama, nilikudanganya."

Karani akaacha kupiga mihuri.

"Maswali niliyapata kwa jirani. Nilimfundisha wiki mbili. Niliogopa akishindwa mtamchukua."

"Tumchukue tumpeleke wapi?" Mpimaji akavua miwani, ikamning'inia kifuani. "Mama, unajua ulichofanya? Kuna watoto wanangoja miezi kupata hiyo saa yangu moja. Wewe umeichukua ukaja kunichezea!"

"Najua."

"Na sasa nitajuaje ni lini unadanganya? Wiki iliyopita alikuwa mzima, leo shule imemkataa amekuwa mgonjwa. Wapo wazazi wanaofundisha hata kugaragara chini."

Hilo Fundi hakulitegemea. Kumbe ukweli nao, ukichelewa, unaulizwa kitambulisho.

"Muulize la kumi," akasema. "Usianze la kwanza. Anza la kumi."

Mpimaji akamtazama. Akatazama saa. Kisha akachuchumaa pale pale kwenye korido, sketi yake ya ofisini na yote, akainamisha kichwa chini ya benchi.

"Rafiki yako ni nani?"

Uvumaji ukakoma. Kifungo akaifumba ngumi yake ya kushoto, akaitafuta pua ya mpimaji.

"Sijambo."

"Ukiona moto, utafanya nini?"

"Sita."

"Ng'ombe anatupa nini?"

"Mama na baba."

Hakuna aliyecheka. Mpimaji alibaki amechuchumaa, mkono mmoja umeshika benchi. Fundi aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Wiki mbili mwanawe alikuwa anamfuata hatua kwa hatua kwenye vile vifungo, amejitahidi kuliko mtoto yeyote, na hakuna aliyemwambia safari ile inakwenda wapi.

"Na mimi siku ile sikuinua kichwa," mpimaji akasema polepole, kama anajisemesha. "Nilisoma fomu juu mpaka chini."

Akaketi kabisa sakafuni, miguu pembeni.

"Sasa nitakuuliza ambalo halimo kwenye karatasi. Mwanangu, unataka nini?"

Fundi akafungua mdomo kumsaidia. Mpimaji akamwinulia kidole. "Mwache. Tunao muda." Wakangoja. Wakangoja mpaka karani akaona haya, akainuka kuzima feni. Ndipo Kifungo alipojivuta kutoka chini ya benchi, akaushika mkono wa mpimaji kwa vidole viwili, akauingiza ndani ya kola ya sare, nyuma ya shingo.

"Inauma," akasema.

Mpimaji akaikunjua kola. Shingoni palikuwa na mstari mwekundu, umechunwa na mshono toka sikio mpaka sikio.

Fundi akapiga magoti. Aliupapasa ule mshono kwa kidole gumba na akautambua. Ni wa kwake. Kitambaa kigumu cha sare, uzi wa nailoni, umepigwa mara mbili usije ukafumuka, na alikuwa anajisifu kwa wateja, sare zangu haziachii. Muhula mzima mtoto anaivua hiyo nguo, wote wanasema tabia, wote wanasema malezi, na yeye mwenye mkono wa kushona hakuwahi kuutia mkono huo ndani.

"Nilikufundisha majibu kumi," akamwambia mwanawe, na safari hii alilia mbele za watu na hakujali, "na hili moja sikukuuliza."

Mpimaji hakwenda kula. Alifungua mlango wake, akawaingiza, akalirudisha faili mezani. Alikaa nao saa nzima na nusu, hakuuliza swali lolote la kwenye fomu. Alitazama tu Kifungo akipanga vibanio vya karatasi, akaandika anavyopanga.

*

Jioni hiyo Fundi hakushona cha mtu. Aliifumua sare yote, akaishona upya, pindo na mishono vikiwa nje, ndani mkiwa mtupu. Shingoni akatia utepe wa pamba alioukata kwenye lile gauni la zamani. Mumewe alishika taulo la kutandika, akashika pasi, akashika kila alichoambiwa.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Mkuu alikuwa getini anakagua sare, kama ilivyo kawaida yake.

"Fundi, wewe tena? Mtoto amegeuza nguo."

"Hajaigeuza, Mwalimu. Imeshonwa hivyo."

Akampa karatasi. Mwalimu Mkuu akaisoma amesimama, watoto wanampita kushoto na kulia. Ilisema mtoto ana usonji, apewe mwalimu msaidizi ndani ya wiki mbili, atolewe darasani dakika tano kabla ya kengele, na aruhusiwe kuvaa nguo isiyomuumiza. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, mpimaji alikuwa ameongeza kwamba lile suala la malezi na nidhamu limefutwa.

Mwalimu Mkuu akakohoa.

"Sasa wengine wakianza kuniuliza habari ya hiyo mishono?"

"Waambie waje kwangu. Nitawashonea."

Akaitazama karatasi, akautazama muhuri, na muhuri ni muhuri. "Haya, apite," akasema.

Msaidizi hakuja baada ya wiki mbili. Alikuja baada ya tano, na Fundi alikwenda ile ofisi mara tatu kumuulizia, mpaka karani akawa anamwita dada. Lakini alikuja: msichana mrefu anayejifunza ualimu, mkimya, mwenye viatu visivyopiga kelele. Siku ya kwanza Kifungo alimgeuzia mgongo. Siku ya tatu alimkabidhi kifungo kimoja cha shati, akakichukua tena papo hapo. Kengele bado ni adui. Ziko siku mbaya, na siku mbaya zikija zinakuja kwelikweli. Ila sare haijavuliwa tena, na mwalimu wa darasa anasema mtoto anaandika namba mpaka mia, wima, bila kuruka.

Mama Mapacha alipopewa habari alijishika mdomo. "Kwa hiyo hakuna bweni?"

"Hakuna bweni."

"Na mimi wangu niliwafundisha bure!" Akashusha sauti. "Mmoja bado hasemi vizuri. Huyo mpimaji anapatikana siku gani?"

*

Jumapili moja jioni Fundi alikuwa anamalizia kola ya sare, mishono nje. Ilikuwa ya saba kuagizwa na wazazi wengine. Mumewe alikuwa mlangoni anatengeneza brashi. Kifungo alilibeba kopo lake, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake. Akahesabu vifungo kumi, akavipanga ukingoni mwa meza.

"Hujambo?" akauliza.

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. Akamtazama mumewe, mumewe naye ameacha brashi hewani.

"Sijambo."

Kifungo cha kwanza kikasogezwa upande wake.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne. Mgongo ndio una sitini."

Mtoto akangoja. Jibu lilikuwa refu mno.

"Thelathini na minne," Fundi akasema kwa adabu, akapewa chake.

Wakaenda hivyo, mtoto anauliza, mama anajibu. Majani, ng'ombe, sabuni, moto. La kumi lilipofika, rafiki yako ni nani, Fundi alijibu, "Wewe," na mtoto akalifikiria jibu hilo kabla ya kulilipia. Meza ikawa tupu. Fundi akashika tena gurudumu la cherehani.

Lakini Kifungo hakuondoka. Alikuwa ameifumba ngumi yake ya kushoto, anatazama mahali fulani karibu na pua ya mama yake, midomo inatafuta. Fundi hakumsaidia. Alikuwa ameshajifunza kungoja.

"Kesho," mtoto akasema. "Kesho shule ipo?"

Halikuwa limeandikwa nyuma ya boksi lolote. Halikuwa la Mama Mapacha, wala la ofisi, wala la mtu mwingine duniani.

"Ipo, mama," Fundi akasema. "Kesho shule ipo."

Kifungo akafumbua ngumi, akakiweka cha buluu kwenye kiganja cha mama yake, akakifunga kidole kimoja kimoja.